Namna ya kuandika historia ya mtaa ulio kando ya kambi ya wanamaji

Kambi ya wanamaji inajiandika yenyewe. Meli imeingia saa ngapi, upepo ulikuwa unatoka wapi, baharia gani kalewa kafungiwa, madebe mangapi ya rangi yametoka stoo, vyote vimo kwenye madaftari na madaftari yametunzwa. Ukivuka ukuta tu, upande huu wa geti, kuna mtaa wenye umri sawa na kambi au hata kuizidi, na hauna kurasa 10 za maandishi. Waliofua zile sare, waliobeba makaa ya mawe, waliopika, waliozaa na mabaharia, waliohamishwa ukuta ulipoongezwa, ukiwatafuta kwenye vitabu vya kambi unawakuta wamefungwa pamoja kwenye neno moja, "wenyeji", basi, imeisha.

Kama umeamua kuuandika huo mtaa nakupa njia ninayoitumia mimi. Sio ya chuo, ni ya kukosea na kurudia.

Kosa la kwanza ambalo karibu kila mtu analifanya, na mimi nimelifanya, ni kuipa kambi kiti cha mgeni rasmi. Unaanza na "kambi ilifunguliwa mwaka fulani na admirali fulani" na ukishaanza hivyo hutoki tena, ukurasa wa 40 bado unataja majina ya manowari na makamanda waliopokezana, mtaa wenyewe haujaonekana. Kambi itumie kama kalenda ya ukutani. Kazi yake ni kukupa tarehe, full stop.

Nielezee hapo kwenye kalenda maana ndo kiini cha kazi yote. Watu wa mtaani hawakumbuki miaka, wanakumbuka matukio. Nilikaa na bibi mmoja aliyekuwa dobi wa mabaharia tangu usichana wake, nikamuuliza kwa adabu zangu zote, bibi, mlianza mwaka gani kufua nguo za maofisa? Akanitazama kama nimemuuliza deni. "Mwaka siujui mimi. Ni ile meli ya dohani tatu ilipokuja ndo zikaanza kuletwa nguo nyeupe, kabla ya hapo tulikuwa tunafua za buluu tu." Afu bila kuulizwa akaniingiza kwenye ufuaji wenyewe, kwamba ile kola ya baharia ya buluu yenye mistari mitatu myeupe haichanganywi na shati hata siku moja, ikichuja umekwisha, unakatwa hela ya wiki nzima, kwa hiyo kola zilikuwa na beseni lake na kamba yake ya kuanikia, na nguo nyeupe zinataka buluu ya kufulia kidogo na wanga, na pasi ya mkaa uipulize nje ya nyumba kwanza cheche zisije zikaruka. Mimi nimekuja na maswali 30 kwenye karatasi, yote yalikuwa ya kijinga ukilinganisha na hiyo kamba ya kola.

Sasa angalia. Meli ya dohani tatu sio kitu cha kila siku. Ukichukua orodha ya meli zilizotia nanga bandari hiyo ukatoa zenye dohani moja na mbili, unabaki na chache sana, na ukimuuliza bibi maswali mengine mawili matatu (ilikuwa kabla au baada ya kuolewa? king'ora kilikuwa kimeshaanza kupigwa?) unapata mwaka, mara nyingine mpaka mwezi. Mdomo umekupa tukio, daftari la kambi limekupa tarehe. Hiyo ndo biashara nzima, mengine ni uvumilivu.

Kwa hiyo kabla hujaenda kwa wazee tengeneza karatasi moja, ndefu, yenye matukio ya kambi: imeanza lini, gati kubwa limejengwa lini, vita vimeingia lini, moto, mlipuko, mgomo, bendera ilibadilishwa lini, imepunguza watu lini, imefungwa lini kama imefungwa. Usiwasomee watu hiyo karatasi! Kaa nayo mfukoni, utaitumia usiku ukiwa nyumbani.

Makaratasi yenyewe yako wapi. Kama kambi ilikuwa ya Waingereza, nyaraka za jeshi lao la majini ziko kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa, Kew, London, kwenye mafungu yanayoanza na herufi ADM. ADM 1 ni barua za ofisi, na humo ndo kuna malalamiko ya mtaa, maombi ya kuongezewa mshahara, ugomvi wa visima. ADM 53 ni madaftari ya safari ya meli, ya kila siku. Kama ilikuwa ya Wamarekani, nyaraka zao za taifa zimepangwa kwa namba za makundi, na namba mbili uzishike kichwani, 71 ni idara iliyokuwa inajenga magati na majengo, 181 ni kambi za nchi kavu na wilaya za wanamaji. Wengi wanakimbilia nyaraka za vita wanaacha hizo za ujenzi, wakati za ujenzi ndo zenye ramani za mtaa kabla haujabomolewa, mikataba ya vibarua, na picha za nyuma ya jengo ambako kumbe kuna nyumba ya mtu na nguo zimeanikwa. Kwenye katalogi tafuta kwa tahajia zote za zamani, maana Simon's Town kule Afrika Kusini utaikuta Simonstown na Simon's Bay pia, na ukitafuta moja tu unakosa nusu.

Halafu uliza swali ambalo watu hawaulizi: nani alikuwa anauendesha huu mtaa? Usidhani ni manispaa. Olongapo, mji ulio kando ya Subic Bay kule Ufilipino, ulikuwa chini ya wanamaji wa Marekani mpaka Desemba 1959 ndo wakaukabidhi kwa serikali ya nchi. Mtu akitaka kujua mambo ya kawaida kabisa ya mtaa wa wakati ule, sijui viwanja, sijui maji, akienda manispaa peke yake ataishia kulaumu panya kwa kula mafaili, kumbe mwenye mji alikuwa mwanajeshi.

Makaratasi ya ardhi nayo yape wiki zake. Kambi zote hukua, na zikikua zinakula mashamba. Pale Vieques, Puerto Rico, jeshi la majini la Marekani lilichukua zaidi ya nusu ya kisiwa miaka ya 1940, watu wakabanwa katikati, na walikaa hivyo kati ya ghala za silaha upande mmoja na uwanja wa mabomu upande mwingine kwa miongo kadhaa, mazoezi ya mabomu yakaja kusitishwa Mei 2003, miaka 4 baada ya mabomu yaliyokosa shabaha kumuua mlinzi raia wa hapohapo kisiwani. Panapolipwa fidia, hata ya kuchekesha, lazima mtu apite ahesabu, na akihesabu anaandika jina la mwenye nyumba, ukubwa wa eneo, miti, kisima, banda. Mimi nikipata orodha ya fidia nafurahi kuliko nikipata barua ya admirali, maana ile ni kama sensa ya mtaa iliyofanywa siku moja kabla haujafa.

Lakini makaratasi yanadanganya, tena kwa makusudi, na hapa nataka usimame kidogo. Visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi. Uingereza ilivitenga na Mauritius mwaka 1965 ili Wamarekani wapate kambi kwenye kisiwa kimojawapo, Diego Garcia, na kati ya 1968 na 1973 wenyeji wote wakaondolewa wakapelekwa Mauritius na Shelisheli. Ndani ya ofisi maafisa walijua fika kuna watu wamezaliwa pale, na wazazi wao wamezaliwa pale, ila wakakubaliana waandikwe kama vibarua wa mkataba, wapita njia, ili dunia isiulize. Tunajua hivyo kwa sababu zile barua zao za siri zilikuja kutoka miaka mingi baadaye. Mtu ambaye angesoma taarifa za wazi tu angeandika kwa nia safi kabisa kwamba kisiwa hakikuwa na wenyewe. Kwa hiyo kila ukikuta neno kama "vibarua wa muda", "wavamizi", "eneo lisilo na makazi", weka alama nyekundu afu nenda kwenye vitu ambavyo havikuandikwa kwa ajili ya kubishana na mtu: rejista za ubatizo na ndoa, vitabu vya msikiti, orodha ya wanafunzi, makaburi.

Makaburi hasa. Simon's Town kuna eneo la makaburi ya zamani pale Seaforth, na humo wamelala mabaharia Waafrika wa jeshi la Uingereza, Wakroo kutoka pwani ya Afrika Magharibi na wale Waingereza waliowaita Seedies, ambao wengi walichukuliwa Zanzibar na pwani hii yetu. Karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 hao ndo waliokuwa wakifanya kazi za jua na za moto melini. Ukisoma mawe na orodha zao kuwa makini, majina mengi ni ya kubandikwa na Wazungu, mengine ya utani mtupu, na ukiona neno Tindal karibu na jina usiliweke kwenye ukoo wa mtu, ni cheo, kama nyapara wao. Nenda makaburini asubuhi au jioni jua likiwa chini, maandishi yaliyofutika yanaonekana kwa kivuli, saa 6 mchana huoni kitu. Na usipake chaki wala usisugue jiwe, piga picha ukiwa umeshika tochi kwa ubavu.

Hapohapo Simon's Town kuna funzo jingine. Mwaka 1967 serikali ya ubaguzi ilitangaza mji ule ni wa Wazungu, na waliokuwa wakiitwa machotara na Wahindi, ambao familia zao zilikuwa zimefanya kazi kwenye karakana ya wanamaji kwa vizazi, wakahamishwa, wengi wakapelekwa Ocean View. Waafrika wa mtaa wa Luyolo walishatangulizwa Gugulethu miaka michache kabla. Sasa ukienda leo pale kando ya kambi ukaanza kuwahoji unaowakuta, unaandika historia ya waliohamia! Mtaa wako unaweza usiwe tena pale ulipo. Port Chicago, California, ndo kabisa: usiku wa tarehe 17 Julai 1944 meli iliyokuwa inapakiwa mabomu ililipuka gatini, wakafa watu 320, zaidi ya nusu yao mabaharia weusi waliokuwa wakipakia, na mjini ng'ambo ya kambi madirisha yalivunjika na nyumba zikapasuka. Kesi ya mabaharia waliokataa kurudi kupakia imeandikwa sana na inastahili. Mji je? Serikali ikaununua wote, ukabomolewa mwaka 1968. Ukitaka kuuandika unafuata watu walikotawanyikia, miji ya jirani, nyumba za wazee, albamu za picha kwa wajukuu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila unayemhoji liwe "nani mwingine alikuwa jirani yenu na yuko wapi siku hizi", kabla hata ya jina la babu yake.

Mahojiano. Usimwambie mzee "nataka historia", atanyooka mgongo akupe hotuba aliyoisikia redioni. Muulize hela. Siku ya mshahara kambini mtaa ulikuwaje? Nani alikuwa anakopesha, nani anadai getini, watoto walikuwa wanatumwa wapi? Meli ikikaa baharini miezi mitatu mlikuwa mnaishije? Mtaa wa kambi unapumua kwa meli, ikiingia kuna kelele na hela, ikitoka kuna madeni, na hilo hulipati kwenye daftari lolote. Omba kuona pasi ya zamani ya kuingilia getini, utashangaa wangapi wanazo bado, ziko kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vya kuzaliwa, na nyuma ya pasi kuna namba ya kazi na idara, na ukiwa na namba ya kazi unaweza kumtafuta mtu kwenye orodha za malipo. Rekodi kwa simu mbili, moja itakuangusha. Andika jina la mhusika na tarehe mwanzoni mwa rekodi kwa sauti yako mwenyewe, sio kwenye jina la faili tu, mafaili hubadilishwa majina na watoto.

Tembeeni. Mzee akikaa kwenye kiti anakumbuka robo, akitembea kando ya ukuta anakumbuka vitu vilivyokuwa chini ya huo ukuta. Beba ramani ya zamani ya baharini, zile za mabaharia zinaonyesha visima, makanisa, misikiti, nyumba ndefu, chochote ambacho nahodha angeweza kukitumia kama alama, kwa hiyo mtaa umo bila wao kukusudia.

Onyo la kamera, hili limenigharimu. Kuna siku nilikuwa napiga picha kamba za kuanikia nguo za yule bibi, ukuta wa kambi ukawa nyuma yake, mlinzi akaja, nikawekwa kwenye benchi kwa muda wa saa 4 na wakafuta picha zote, pamoja na ile pekee ya bibi akiwa ameshika ile pasi yake ya mkaa. Kosa langu. Nchi nyingi kupiga picha eneo la jeshi ni kosa la jinai, kwa hiyo geuka, ukuta uwe mgongoni kwako, na usiandike kitu chochote cha kambi ya leo: walinzi, saa za zamu, meli zilizopo. Historia ya mtaa haihitaji hayo hata kidogo. Ukihitaji karatasi za kambi omba kwa barua kwa kutumia sheria ya haki ya kupata taarifa kama nchi yako inayo, taja miaka na mada moja, ukiomba "kila kitu" unapewa hakuna kitu.

Kuna sehemu mbili utazikwepa na hupaswi. Moja ni baa, madanguro na watoto waliozaliwa na mabaharia. Kila mtaa wa kambi unazo, na kila kitabu cha mtaa wa kambi kinajifanya hazikuwepo. Ziandike, ila kwa utaratibu. Marekani ilipopitisha sheria ya mwaka 1982 ya kuwapokea watoto wa askari wao kutoka nchi kadhaa za Asia, Ufilipino haikuwemo, kwa hiyo watoto wa Olongapo walibaki nje, na hilo ni jambo la kuandika kwa herufi kubwa kwa sababu ni sheria na ni la wazi. Lakini mtoto wa nani ni nani, hapana. Hata kama mtaa mzima unajua, hata kama yeye mwenyewe kakwambia akicheka, usimwandike jina mpaka akubali tena siku nyingine, akiwa hana wageni, na umemsomea sentensi yenyewe.

Ya pili ni magonjwa. Karakana za meli zilijaa asbesto, madini ya nyuzinyuzi ya kuzuia joto ambayo vumbi lake ni sumu mapafuni, mabomba yote ya mvuke yalikuwa yamefungwa nayo, na ugonjwa wake unaweza kujitokeza hata miaka 30, 40 baada ya mtu kuivuta. Waliougua sio mafundi peke yao. Wapo wake na mabinti ambao hawakukanyaga karakana maisha yao yote, walikuwa wanakung'uta ovaroli nyumbani kabla ya kuziloweka. Niliposoma hilo nilirudi kwenye rekodi zangu zote nikatafuta neno "vumbi". Lilikuwepo mara 11. Nilikuwa nimelisikiliza nikalipita kama vile wananisimulia hali ya hewa. Kwa hiyo sikiliza rekodi upya kila ukijifunza kitu kipya, usiridhike na yale uliyoandika siku ya kwanza.

Watoto nao wahesabu kama mashahidi. Tarehe 21 Juni 1919 Wajerumani walipozamisha manowari zao wenyewe, zilizokuwa zimeshikiliwa na Waingereza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia pale Scapa Flow, bandari ya wanamaji kule Scotland, waliokuwa katikati ya bahari wakiangalia ni watoto wa shule wa Stromness, mji wa jirani, waliopelekwa kutembezwa kwa boti kuziona hizo meli. Wanajeshi waliandika ripoti zao, lakini kelele za mvuke na meli kulala ubavu tunazijua pia kwa hao watoto walivyosimulia baadaye. Insha za shule, barua kwa shangazi, daftari la mahudhurio lenye "hawakuja, kuna meli bandarini", vyote vitafute.

Kupanga kitabu sina mengi. Anza kabla ya kambi, hata kama una kurasa 3 tu, msomaji aone mahali palikuwa na jina. Sura zipange kwa kazi au kwa kichochoro (maji, nguo, makaa, baa, sala, shule), sio kwa makamanda. Kama kambi imefungwa, kama karakana ya wanamaji ya Mare Island kule Vallejo, California, mwaka 1996 baada ya zaidi ya miaka 140, usimalizie pale bendera iliposhushwa, endelea mpaka kwa anayelipa kodi ya nyumba leo. Penye habari mbili zinazopingana ziweke zote mbili na useme nani kasema ipi.

Kabla ya kuchapa, soma kwa sauti mbele ya wenyewe. Sio kuwagawia nakala, kusoma, maana wengi watakuheshimu tu watasema nzuri. Mimi nilisoma ile sehemu ya kola kwenye kibaraza, watu kama 20, nimefika katikati bibi akanyanyua mkono. "Sio beseni. Nilikwambia karai. Beseni lilikuwa la nguo za maofisa." Nikarudi kwenye rekodi usiku ule, kweli, karai. Toa nakala moja kwa shule, moja kwa msikiti au kanisa, moja kwa anayetunza kopo la biskuti, na mwisho wa kila nakala acha kurasa kama 20 tupu zenye mistari, pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi, karai zako zote zitarekebishwa humo.